Kadi Isiyocheza

Saa moja na nusu asubuhi, tarehe tatu Januari, Inspekta Penina Tluway alikuwa hajatia hata chai mdomoni, na tayari kulikuwa na mtu amemzibia njia kwenye ngazi za kituo. Alikuwa Cresensia, mke wa dereva Emilian. Ukungu wa Karatu ulikuwa umemlowesha kitenge mabegani, na simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama anayebeba bakuli la uji wa moto.

"Afande, angalia hii kwanza. Dakika moja tu."

"Mama, mumeo anapanda kizimbani saa tatu."

"Ndiyo maana nataka uangalie sasa hivi."

Kesi ya Emilian ilikuwa imenyooka mno, na Penina hakuwa mtu wa kuamini kesi zilizonyooka, ila hii ilikuwa imemshinda kuipinda. Jioni ya tarehe kumi na nne Desemba, gari la utalii lilimgonga Kasaine, mfugaji wa Kakesio, kwenye lami inayotoka geti la Ngorongoro kuja mjini. Alikuwa anatoka kwa mkwewe, anaswaga mitamba miwili. Gari likakimbia, naye akafia mtaroni kabla hakujapambazuka. Hapo barabarani vilibaki vipande vya taa ya mbele, upande wa kushoto.

Basi polisi wakafuata taa. Muuza spea mmoja alikumbuka kuuza taa ya kushoto ya aina hiyo tarehe kumi na nane, kwa kampuni ndogo ya utalii yenye magari matano. Taa mpya ilikutwa kwenye gari namba tatu, la Emilian. Siku ya ajali Emilian alitoka getini dakika tano kabla halijafungwa. Na daftari la gereji ya kampuni lilisema wazi kwamba aliliingiza gari tarehe kumi na tano, taa ya kushoto imevunjika. Emilian peke yake ndiye aliyesema vingine. Alidai aliliacha gari gereji tarehe kumi na saba likiwa zima, alipolichukua akaambiwa taa iliingia maji, ikabadilishwa. Sasa nani aache maandishi amsikilize mtuhumiwa?

Penina alipokea simu. Ilikuwa kadi ya Krismasi na Mwaka Mpya ambayo kampuni iliwatumia wageni wake wote kwa barua pepe, na mgeni mmoja wa Ujerumani, aliyewahi kutembezwa kreta ya Ngorongoro na Emilian, alikuwa amemrushia Cresensia kwa WhatsApp. Magari matano yamejipanga uani, yametazama mbele, taa zimezimwa. Mara theluji ikaanza kudondoka. Theluji, Karatu! Kisha taa zikawaka, gari la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la tano, na hilo la tano lilipowaka tu, pundamilia mwenye kofia nyekundu akachomoza kwenye paa lake akapunga mkono.

"Tazama la tatu," Cresensia alisema. "Zinawaka zote mbili. Angela wa ofisini alipiga picha hizi tarehe kumi na sita, nilikuwepo, nilimpelekea Emilian chakula. Taa iliyovunjika tarehe kumi na nne, tarehe kumi na sita imeota tena?"

"Jana hukunionyesha."

"Jana sikuwa nayo. Imeingia leo alfajiri. Na Emilian ameshaamua kukiri, afande."

Penina aliinua macho. "Kukiri? Juzi aliniapia mpaka akalia."

"Ameshauriwa na Baba Goodness. Clemensi, mkuu wa gereji. Ndiye aliyetusimamia ndoa. Amemwambia akikubali kosa leo hakimu atamhurumia, akibisha atakula miaka. Mume wangu anamsikiliza Clemensi kuliko baba yake mzazi. Akishasema ndiyo mbele ya hakimu, mimi na wanangu tumekwisha."

Hilo lilimkera Penina. Mtu akikiri kosa lake, sawa. Mtu akikiri kwa sababu rafiki amemwambia ni nafuu, hapo hata askari aliyemkamata hapaswi kulala usingizi. Aliomba abaki na simu, akamwita Sajenti Lesiamon pembeni.

"Mchelewesheni Emilian."

"Afande, hakimu akiita jina, mimi siwezi kumficha mtu kwenye soksi."

"Basi kaa na simu mkononi, usiizime."

Ofisi ya kampuni ilikuwa upande wa Ganako, vyumba viwili mbele na gereji nyuma. Penina alifika saa mbili kasoro kumi. Clemensi alikuwa wa kwanza kutoka kumpokea, mtu wa miaka hamsini hivi, sweta safi, mikono imesuguliwa mafuta yakatoka yote. Alikuwa na ile sauti ya kutuliza watu ambayo wageni huipenda gari likikwama.

"Inspekta, karibu sana. Heri ya mwaka mpya. Tukupatie chai?"

"Heri, Baba Goodness. Chai baadaye. Nasikia mliwatumia wageni kadi ya sikukuu. Naomba niione."

Clemensi alicheka. "Ile kadi iliyogoma? Angela, njoo huku, umaarufu wako umefika polisi."

Angela alitoka chumba cha ndani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyeshika tovuti na barua za wageni. Alitoa shikamoo kwa sauti ndogo, akakaa mbele ya kompyuta ya mezani, lile dude la zamani linalonguruma kabla ya kuwaka.

"Wiki mbili nzima alituimbia kwamba kadi ya mwaka huu itacheza," Clemensi aliendelea. "Siku ya kuituma tukajikusanya hapa wote, madereva, mpishi, mpaka mlinzi kaacha geti. Akaifungua. Picha imekaa tu kama ya kitambulisho. Tumemtania mpaka leo."

"Hapa ndipo haichezi," Angela alisema bila kugeuka. "Programu ya barua kwenye hii kompyuta ni ya zamani, inaonyesha picha ya kwanza basi. Kwa wageni inacheza."

"Haya, tumekusikia."

Kadi ikafunguka. Magari matano, taa zimezimwa, maandishi ya salamu chini. Hakuna theluji, hakuna pundamilia. Penina aliitazama kwa muda, mkono wake ukiwa juu ya mkoba wenye simu ya Cresensia. Hakuitoa.

"Wewe uliiona hapahapa tu, Baba Goodness?"

"Hapahapa, siku hiyo na leo." Alitoa simu mfukoni, kitochi cha vitufe, akakigonga mezani. "Mimi na hiki. Mambo ya kompyuta namwachia mwenyewe, hata dakika moja sijakaa naye kwenye kazi hiyo."

"Tarehe kumi na nne jioni wewe ulikuwa wapi?"

"Nilishakuandikia, Inspekta. Nilipeleka springi kwenye loji moja kule juu, gari la mwenzetu lilikuwa limekwama."

"Na gari gani?"

"Na la tano. Ndilo la akiba. Mlilikagua wenyewe, taa zake ni zilezile lililokuja nazo kampuni."

Ilikuwa kweli, Penina alilikagua kwa mkono wake. Taa zote mbili za gari la tano zilikuwa za zamani, zimefifia kama za magari mengine. Aliandika jibu kwenye kijitabu, akamgeukia Angela.

"Siku ya kupiga picha, magari yaliwashwa taa?"

Angela alimtazama Clemensi kwanza. Ilikuwa nukta moja, lakini Penina alikuwa halipwi kutazama ukuta.

"Nilichora, afande. Taa za kwenye kadi nimezichora mimi."

"Zote?"

"Zote."

Kama taa zote ni za kuchora, basi ushahidi wa Cresensia ulikuwa rangi tupu, na Emilian angesimama kizimbani baada ya dakika hamsini akubali kifo cha mtu. Simu yake mwenyewe ilitetemeka. Ujumbe wa Lesiamon: wameshaondoka kituoni, wanaelekea mahakamani.

"Basi nimepoteza muda wenu," alisema, akafunga kijitabu. "Ni mke wa Emilian. Amesikia mlipiga picha magari, akadhani itamsaidia mumewe."

Mabega ya Clemensi yalishuka, na ulimi wake ukalegea pamoja nayo.

"Masikini Cresensia, namhurumia. Lakini katuni si ushahidi, Inspekta. Liwe hilo la tatu, liwe hili la tano linalowaka mwisho pundamilia akichomoza, yote ni mchezo wa kompyuta. Emilian ni mdogo wangu, nimemshauri ayamalize kiungwana."

Penina aliitikia kwa kichwa taratibu, uso umetulia. Pundamilia yupi? Kwenye kompyuta hii, picha ni moja na imekufa. Mtu wa kitochi, asiyekaa na Angela hata dakika, amejuaje gari lipi linawaka mwisho na mnyama anatokea saa ngapi?

"Umesema kweli," alimjibu. "Sasa hiyo chai naiomba. Tangawizi nyingi kama ipo."

Clemensi alitoka kuelekea jikoni, nyuma ya gereji. Penina alisubiri mpaka hatua zake zikapotea, akatoa simu ya Cresensia, akasimamisha kadi pale taa zote zilipokuwa zimewaka. Akaikuza kwa vidole, gari la tatu, taa ya kushoto. Chini ya kioo kulikuwa na tope limeruka, na kwenye tope jani la nyasi limenata kwa mshazari. Akasogea gari la tano, taa ya kushoto. Tope lilelile, na jani lilelile, limelala vilevile.

"Angela."

"Naam, afande."

"Ukichora taa, huwa unachora na tope lake?"

Angela aliangalia kioo cha simu, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. Magari mawili yanaweza kupita dimbwi moja. Hayawezi kuokota jani moja.

"Moja ya hizi umeinakili kutoka kwa nyingine," Penina alisema kwa upole. "Ipi ni ya kweli? Jibu kabla hajarudi, maana Emilian yuko njiani kwenda kukiri mauti ya mtu."

"Kukiri? Mimi niliambiwa wamemwachia." Machozi yalimlenga. "Ya kweli ni ya gari la tatu. Taa zote niliziwasha kweli, madereva waliwasha mmoja mmoja na mimi nikipiga. Ni hiyo ya tano ya kushoto tu. Kulikuwa na tundu, nyaya zinaning'inia. Baba Goodness alisema ameifungua kuisafisha, na bosi wetu aliyeko Arusha alitaka magari yote matano kwenye kadi, hakutaka kusubiri. Akaniambia wageni wasione gari chongo, nichukue taa ya gari lingine niibandike."

"Alikaa na wewe?"

"Mpaka nilipomaliza. Nikamchezeshea kwenye laptop yangu, akacheka sana pundamilia. Jana jioni akanifuata nyumbani, akasema akija mtu kuuliza niseme zote ni za kuchora, la sivyo wageni watajua tunawadanganya na mimi ndiye nitakayefukuzwa. Afande, mimi niliona ni aibu ya kampuni tu. Nisamehe."

"Picha zenyewe za kamera ziko wapi?"

"Aliniagiza nizifute. Nimezifuta kwenye laptop."

Penina alifumba macho.

"Lakini kwenye kamera sikugusa," Angela aliongeza haraka. "Hakuuliza habari ya kamera."

Alivuta droo, akatoa kamera, akaiwasha. Picha zilipita moja moja: madereva wakicheka, mlinzi amejiingiza, kisha magari matano. Gari la tatu lilikuwa na macho yote mawili. La tano lilikuwa na jicho moja na shimo jeusi, na bampa upande huo imebonyea ndani. Chini ya picha kamera ilikuwa imeandika tarehe: kumi na sita Desemba.

Sasa yote yalikaa mahali pake. Taa nzima ilikuwa ya Emilian. Gari lake lilipoingia gereji tarehe kumi na saba, Clemensi aliing'oa akaivalisha gari la tano, akanyoosha na bampa, ndiyo maana gari la tano lilikutwa na taa za zamani zisizotia shaka. Kesho yake akanunua mpya akamfunga nayo Emilian, na kwenye daftari akarudisha tarehe nyuma. Fundi mzuri, ndiyo. Kama si kadi ya pundamilia, hata Penina angempigia saluti.

Saa ya ukutani ilionyesha tatu kasoro kumi na tano. Alipiga simu. Ililia mara sita.

"Afande," Lesiamon alinong'ona. "Tuko kwenye benchi nje ya chumba cha hakimu. Wameanza mapema, kuna mmoja tu mbele yake."

"Nenda kwa mwendesha mashtaka sasa hivi, wewe mwenyewe. Mwambie nimepata ushahidi mpya, aombe shtaka lisisomwe. Na Emilian mwambie asifungue mdomo. Hata akiulizwa jina la mama yake."

Alipokata, Clemensi alikuwa mlangoni. Mkono mmoja chupa ya chai, mkono mwingine vikombe vitatu vimeshikwa kwa masikio. Macho yake yalikuwa kwenye kamera.

Nyuma yake mlango wa gereji ulikuwa wazi, na zaidi ya hapo gari la tano limeegeshwa, limetazama barabara. Penina alikuwa peke yake, bila silaha, na mtu huyu alijua kila ufunguo ulipotundikwa. Angela alirudisha kiti nyuma mpaka ukutani.

"Weka vikombe mezani, Baba Goodness. Ukae."

"Inspekta, kuna gari nataka kuli..."

"Kaa."

Alikaa. Vikombe viligongana alipoviweka.

"Pundamilia umemwonea wapi?" Penina aliuliza.

"Pundamilia gani?"

"Anayechomoza kwenye paa la gari la tano. Hapa hayupo. Kitochi chako hakimwonyeshi. Na umesema hukukaa na Angela hata dakika."

Clemensi aliitazama kompyuta, ile picha iliyokaa kimya, taa zimezimwa. Ungedhani ndiyo mara ya kwanza anaiona. Miongoni mwa watu wote waliomcheka Angela siku ile, yeye peke yake alikuwa ameshaiona kadi ikicheza, na katika kucheka na wenzake alisahau kwamba hakutakiwa kuijua.

"Taa ya gari la tano ilikuwa wapi tarehe kumi na sita?"

Clemensi alisogeza kikombe kimoja, akakirudisha palepale.

"Vipande vyake ninavyo kwenye mfuko wa plastiki kituoni. Na hili jani hapa, ni la taa ya Emilian. Nikienda sasa hivi kwenye gari la tano nikageuza hiyo taa, nitakuta mkwaruzo wa bisibisi yako. Niende?"

"Usiende," Clemensi alisema. Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Usiende, Inspekta. Nitasema."

Penina alimweleza kwanza kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Akamuuliza kama anataka mtu awepo. Alikataa. Penina akafungua kijitabu ukurasa mpya.

"Kulikuwa na kiza chepesi, ukungu umeanza kushuka," Clemensi alianza. "Mitamba niliiona, mtu sikumwona. Nikakwepa mitamba, nikampata yeye."

"Ulisimama?"

"Nilisimama. Nikashuka."

Penina aliacha kuandika. Siku zote ishirini za upelelezi aliamini dereva hakusimama.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Amekaa mtaroni, ameshika mbavu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shida, 'Ng'ombe wazima?' Nikamwambia wazima. Akasema watoe barabarani. Nikawatoa, nikawaswaga mpaka kwenye majani. Nikarudi nikamwambia nakwenda kukuletea gari la hospitali."

"Na ulikuwa na gari."

"Nilikuwa na gari," Clemensi alisema. "Nikapanda, nikaja nyumbani. Nikajiambia atapita mwingine. Nina mkopo wa nyumba, nina Goodness chuo, leseni ndiyo kila kitu. Nikajiambia hivyo mpaka nikalala. Asubuhi nikasikia kwenye redio."

Angela alikuwa analia bila sauti. Penina aliandika neno kwa neno, na kalamu ilimkandamiza kidole. Alikuwa ameshakaa na Nasha, mjane wa Kasaine, mara mbili, na mara zote mbili mama yule aliuliza swali moja tu, kama mumewe aliteseka. Penina alikuwa amemjibu, kwa kumfariji tu, kwamba alikufa papo hapo.

"Na Emilian? Mtoto uliyemsimamia ndoa?"

"Nilijua atapewa faini tu. Nilijua wewe ni mtu wa huruma."

"Usinipakazie."

Simu ilitetemeka. Mkono mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine umemshikia Clemensi ukurasa asaini, kwa hiyo Penina aliibonyeza kwa kidole cha mwisho ikalala mezani, spika imewashwa.

"Afande, kesi imesimama," Lesiamon alisema, anahema. "Alishaingia kizimbani kabisa. Mwendesha mashtaka kaomba, hakimu kakubali, shtaka halikusomwa. Tuko nje. Huyu hapa analia, anataka kusema na wewe."

"Mpe."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya Emilian ikaja kubwa, imejaa kamasi na furaha.

"Shikamoo, afande. Mungu akubariki, sijui nisemeje. Sajenti ananiambia uko ofisini kwetu. Baba Goodness yupo hapo?"

Penina alimtazama Clemensi. "Yupo."

"Naomba umwambie asante. Najua ni yeye amekuonyesha, hakuna mwingine anayelijua lile gari langu kama yeye. Nilimwambia mke wangu, yule mzee hawezi kuniacha."

Clemensi alinyoosha mkono kuelekea simu, haukufika, akaurudisha mapajani.

"Yuko hapa anakusikia, Emilian," Penina alisema. "Mwambie mwenyewe."

"Baba Goodness?" Emilian aliita. "Baba Goodness, unanisikia? Asante, mzee wangu."

Aliendelea kuita, mara ya pili na ya tatu, na Penina hakuikata simu.